Nyama: Anayeihitaji zaidi ndiye anayepewa mchuzi

Bila shaka wewe msomaji unaufahamu mtindo huu. Mwisho wa mwezi unapowadia, baba huandamana na wenzake hadi mahali pa nyama choma, iwe ni Burma au Kenyatta Market jijini Nairobi, ama kwa wachoma mishkaki wa Mombasa, na kilo moja unusu ya mbuzi huishia mikononi mwa watu watatu. Jioni hiyo hiyo nyumbani, nusu kilo ya nyama ya ng'ombe huchanganywa na viazi vingi na kugawiwa watu sita. Mama hujipakulia mwisho, na aghalabu kinachomfikia ni kipande kimoja chenye mfupa. Mtoto wa miezi kumi, kwa kuwa hana meno ya kutosha, hupondewa viazi kwa mchuzi, na kila mtu huridhika kwamba naye amekula nyama.

Hajala nyama. Amekula viazi vyenye harufu ya nyama.

Wiki hii tungependa kuangalia kwa kina chakula hiki ambacho Wakenya wengi hukiona kuwa alama ya sherehe na ya mfuko mzito. Mazungumzo mengi kuhusu nyama siku hizi huegemea upande mmoja tu. Kuna wanaoambiwa na madaktari waiache kabisa kwa sababu ya moyo na viungo, na kuna wanaoshikilia kwamba mtu asiyeila hana nguvu. Ukweli ni kwamba katika nyumba moja unaweza kumkuta anayekula nyama kupita kiasi na anayedhoofika kwa kuikosa, na wote wawili wanakula kutoka sufuria moja.

Kilichomo ndani ya kipande

Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa na isiyo na mafuta mengi, yaani kipande kinachotosha kufunika kiganja cha mkono, huwa na protini gramu 26 hivi. Mtu mzima mwenye uzani wa kilo 60 huhitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku. Kwa hiyo kipande hicho kimoja tayari kimempa nusu ya mahitaji yake. Maharagwe yaliyochemshwa ya uzani uo huo humpa gramu 9 hivi, nayo si haba kwa bei yake.

Lakini kama ingekuwa ni protini peke yake, tungeweza kuisahau nyama bila kujuta. Babu zetu waliokula mahindi na maharagwe pamoja hawakuwa wajinga. Mahindi yana upungufu wa kiungo kimoja cha protini kiitwacho laisini, na maharagwe yamejaa laisini. Ukivila pamoja katika githeri, kimoja hujaza pengo la kingine.

Thamani kubwa ya nyama iko katika mambo matatu mengine: madini ya chuma, madini ya zinki, na vitamini B12. Hii ya mwisho haipatikani katika mmea wowote tunaokula kwa kawaida. Hutoka katika nyama, samaki, mayai na maziwa tu. Mwili huihitaji ili kuunda chembechembe nyekundu za damu na kulinda mishipa ya fahamu, na mtoto anayezaliwa na mama aliyepungukiwa nayo huanza maisha akiwa na deni.

Kuhusu chuma, kuna jambo ambalo akina mama wengi hawajaelezwa. Chuma cha mboga na nafaka si sawa na chuma cha nyama. Mwili huweza kunyonya takriban asilimia 15 hadi 35 ya chuma kilichomo katika nyama, ilhali kile cha sukuma wiki, maharagwe au ndengu mara nyingi hakifiki asilimia 10. Isitoshe, nyama ina tabia nzuri ya kumsaidia jirani. Ukitia vipande vichache vya nyama katika sufuria ya maharagwe, mwili hunyonya chuma zaidi kutoka kwa maharagwe yenyewe. Limau, chungwa, pilipili mboga na nyanya mbichi za kachumbari husaidia vilevile kwa sababu ya vitamini C.

Chai nayo hufanya kinyume. Sisi hupenda kuteremshia chakula kwa kikombe cha chai ya rangi au ya maziwa, na kikombe hicho huweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma ambacho mwili ungekipata kutoka kwa mboga. Si lazima uiache chai. Iche saa moja ipite baada ya mlo, kisha ujinywee kwa raha zako.

Nani anahitaji zaidi?

Sasa tazama viwango hivi vinavyotumiwa na wataalamu wa lishe wa Marekani. Mwanamume mzima huhitaji miligramu 8 za chuma kwa siku. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huhitaji miligramu 18, kwa sababu ya damu anayoipoteza kila mwezi. Mama mjamzito huhitaji 27. Na mtoto wa miezi saba hadi kumi na miwili, ambaye tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, huhitaji miligramu 11.

Soma tena hapo, msomaji. Mtoto ambaye bado anatambaa anahitaji chuma zaidi kuliko babake.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba ya chuma aliyoichota kwa mamake, na akiba hiyo huanza kuisha afikapo miezi sita. Maziwa ya mama ni bora kuliko chakula kingine chochote kwa mtoto mchanga na yanafaa kuendelea hadi miaka miwili na zaidi, lakini hayana chuma kingi. Wakati huo huo mtoto anakua kwa kasi, na ubongo wake unajengwa. Mtoto aliyekosa chuma katika kipindi hicho huwa mnyonge, hachezi sana, huugua mara kwa mara, na baadaye huenda akapata shida ya kushika masomo hata kama damu yake ilikuja kurekebishwa. Ndiyo maana katika mwongozo wake wa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe kila siku vyakula vitokanavyo na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai.

Na sisi tunawapa mchuzi. Nyama inapochemka, kinachotoka na kuingia katika maji ni chumvi, mafuta, ladha, na sehemu ya vitamini. Protini nyingi na chuma hubaki ndani ya kipande chenyewe, ambacho huliwa na mtu mwingine. Supu ya mifupa pia imesifiwa kupita kiasi. Inachangamsha mwili wa mgonjwa na kumrudishia hamu ya kula, lakini haijengi damu ya mtoto, na hata madini ya mifupa yanayoingia ndani yake ni kidogo sana.

Hakuna haja ya mashine wala ya chakula cha mkebe. Chemsha nyama hadi ilainike kabisa, ikatekate vipande vidogo vidogo, kisha uitwange katika kinu au uiponde kwa mwiko pamoja na viazi, ndizi au boga. Maini ni rahisi zaidi, kwani yakiiva husagika hata kwa uma. Kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa siku kinatosha mtoto wa umri huo. Ikiwa nyama imezidi uwezo wako, omena waliokaushwa vizuri, wakakaangwa na kusagwa kuwa unga, ni hazina kubwa, hasa kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao. Yai nalo lisidharauliwe.

Ugawaji wa nyama umekuwa na sheria zake tangu zamani. Miongoni mwa Waluhya, kwa mfano, wanawake hapo kale hawakula kuku, na firigisi ilikuwa haki ya mwenye boma. Jamii nyingine nazo zilikuwa na sehemu za mbuzi zilizotengewa wazee. Sina ugomvi na heshima ya wazee. Hata hivyo, mzee wa leo ambaye kutwa nzima ameketi ofisini hawezi kudai sehemu ya shujaa aliyelinda mifugo, na mkewe mjamzito akiwa ameketi kando yake macho yamempauka kwa kukosa damu.

Yaliyoonekana Embu

Utafiti mmoja mkubwa kuhusu jambo hili ulifanywa papa hapa nchini. Kuanzia mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Profesa Nimrod Bwibo na Profesa Charlotte Neumann, walikwenda Kyeni Kusini katika Embu. Walichagua shule 12 za msingi na kuwafuatilia wanafunzi zaidi ya 500 wa darasa la kwanza kwa muda wa mihula saba.

Shule hizo ziligawanywa makundi manne. Watoto wa kundi la kwanza walipewa githeri yenye mboga wakati wa mapumziko ya asubuhi. Kundi la pili lilipewa githeri hiyo hiyo ikiwa imetiwa nyama ya kusaga, na la tatu likapewa githeri pamoja na gilasi ya maziwa. Watafiti walihakikisha kwamba makundi haya matatu yanapata nguvu sawa kutoka kwa chakula, ili asije mtu akasema wengine walishiba zaidi. Kundi la nne halikupewa chakula shuleni, bali familia zao zilipewa mbuzi wa maziwa utafiti ulipomalizika.

Unajua nyama yenyewe ilikuwa kiasi gani? Gramu 60 kwa siku hapo mwanzo, kisha gramu 85. Ni pungufu ya robo kilo kwa mbali sana, na ni pungufu ya kile ambacho mteja wa kawaida wa nyama choma huonjeshwa kabla hajaagiza.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Watoto waliokula nyama waliwapita wenzao wote katika mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri na kutatua mafumbo, na misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi. Uwanjani, wasimamizi waliokuwa wakiwatazama bila kuwasumbua waliona kwamba ndio waliokimbia na kucheza zaidi, ndio walioanzisha michezo na kuwaongoza wengine. Maziwa nayo yaliwasaidia kurefuka wale watoto wadogo na wale ambao tayari walikuwa wamedumaa, lakini katika mtihani ule wa kufikiri hayakuleta faida iliyotarajiwa. Huenda ni kwa sababu maziwa hayana chuma kingi, na tena kalisi yake huzuia chuma cha vyakula vingine kunyonywa vizuri.

Damu za watoto hao zilipopimwa, kilichoonekana kupanda waziwazi ni vitamini B12, miongoni mwa waliokula nyama na waliokunywa maziwa. Kabla ya hapo wengi wao walikuwa na upungufu wake. Upande wa chuma mabadiliko hayakuwa dhahiri, na malaria inalaumiwa, kwani huharibu damu upesi kuliko chakula kinavyoweza kuijenga. Mzazi anayeishi penye mbu na minyoo asidhani basi kwamba kijiko cha nyama kitamaliza kazi yote. Neti na dawa ya minyoo ni sehemu ya lishe pia.

Huo haukuwa utafiti wa kwanza hapa Kenya. Mwaka 1931, John Boyd Orr, mtaalamu wa Uskoti ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo Duniani, alichapisha pamoja na J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa matibabu katika koloni hili, taarifa iliyowalinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Mwanamume wa Kimaasai, aliyekula maziwa, nyama na damu, alikuwa mrefu kwa inchi 5 na mzito kwa ratili 23 kuliko mwenzake wa Kikuyu aliyetegemea nafaka na viazi. Taarifa hiyo ilisifika sana huko Ulaya. Lakini ilisahau kuuliza Mkikuyu huyo alikuwa amebakiwa na malisho kiasi gani kufikia wakati huo, wala Mmaasai hakuwa na afya kamili kwani tumbo lisilopata mboga lilimsumbua kwa kufunga choo. Na kitu kimoja watu wa mjini hawapendi kukumbushwa: Mmaasai huyo alikuwa akitembea maili nyingi kila siku nyuma ya ng'ombe wake.

Upande wa pili wa sahani

Mnamo Oktoba 2015 shirika la WHO linaloshughulikia utafiti wa saratani, lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, lilitangaza uamuzi wa wataalamu 22 kutoka nchi 10. Nyama zilizosindikwa, yaani soseji, smoki, bekoni, hemu, nyama za mkebe na nyinginezo zilizotiwa chumvi, dawa au moshi ili zisiharibike, ziliwekwa katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu, kama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha.

Magazeti mengi ulimwenguni yalipiga kelele kwamba soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Makundi hayo hupima uzito wa ushahidi uliopo, si ukubwa wa hatari. Kilichosemwa ni kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Chukua mfano wa mji ambapo watu 5 kati ya 100 wangepata saratani hiyo maishani mwao. Kama wote wangekula kiasi hicho kila siku, wangekaribia kuwa 6. Sigara huua kwa kiwango kingine kabisa.

Hata hivyo, usiipuuze habari hiyo ikiwa unanunua smoki na kachumbari kando ya barabara kila asubuhi, kisha watoto wanatiliwa soseji mbili katika mkebe wa chakula cha shule. Gramu 50 ni kama soseji moja ya wastani. Wazazi wengi wa mjini hudhani wamempa mtoto nyama, ilhali wamempa mafuta, chumvi na unga kwa bei inayokaribia ile ya nyama halisi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mahali pa kwanza pa kupunguza, kabla hata ya kumgusa mbuzi.

Kuhusu nyama nyekundu ya kawaida, Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani, ujulikanao kwa kifupi kama WCRF, hushauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama iliyokwisha kupikwa kwa wiki. Hiyo ni kati ya nusu kilo na robo tatu ya kilo ikiwa mbichi. Kwa Mkenya wa kawaida kiwango hicho ni ndoto, wala hana haja ya kuogopa. Kwa yule wa kilo moja unusu kwa watu watatu, kiwango cha wiki nzima kimekwisha Ijumaa usiku.

Uchomaji wenyewe una madhara yake. Mafuta yanapodondokea makaa, moshi unaopanda hubeba kemikali zinazodhaniwa kuchochea saratani na kuzipaka nyama, na ile sehemu iliyoungua ikawa nyeusi huwa na nyingine zaidi. Mchomaji mwenye akili huiweka nyama mbali na ndimi za moto, huigeuza mara kwa mara, na huchagua mbuzi asiye na mafuta mengi. Wengine huichemsha kidogo kwanza. Wakongwe wa nyama choma watasema huko ni kuiharibu, lakini nyama iliyochemshwa hukaa motoni muda mfupi zaidi. Ile sehemu nyeusi ikate uitupe. Na lile fungu la chumvi pembeni ya ubao, mwenye shinikizo la damu angefanya vyema kulisukuma kwa jirani, ila kama jirani naye ana maradhi hayo hayo.

Kidole gumba cha mguu

Wapo wasomaji ambao wamewahi kuamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu kikiwa kimevimba, chekundu na chenye moto, hata shuka haliwezi kukigusa. Hiyo ni jongo, ambayo wengi huiita gauti. Husababishwa na asidi ya yuriki inayozidi katika damu kisha ikaganda kama chembe za kioo ndani ya kiungo.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi na vyakula vya baharini walipatwa na jongo zaidi. Watafiti hao hao walionyesha pia kwamba pombe, na hasa bia, huongeza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Sasa weka bia mbili tatu kando ya sahani ya nyama choma, uelewe kwa nini maradhi haya yamezoeana na mwisho wa wiki.

Kuna nafuu katika utafiti huo ambayo haikuwafikia wagonjwa wetu. Mtu akiambiwa ana jongo, mara nyingi hukatazwa nyama, na pia maharagwe, ndengu na mchicha, hata abaki hajui ale nini. Mboga na jamii ya maharagwe hazikuonekana kuongeza hatari katika utafiti huo, na waliokunywa maziwa walipungukiwa nayo. Zungumza na daktari wako kuhusu jambo hili kabla hujajinyima githeri bure. Maini, figo na ubongo ndivyo vya kuepukwa kwanza.

Tukiwa kwenye maini, mama mjamzito naye awe na tahadhari. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa huwa na vitamini A zaidi ya mikrogramu 5,000, ilhali kikomo alichowekewa mjamzito ni mikrogramu 3,000 kwa siku. Vitamini hii ikizidi sana katika miezi ya mwanzo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Chuma chake na akitafute katika nyama ya kawaida na katika vidonge anavyopewa kliniki. Kwa mtoto mdogo, maini mara moja kwa wiki yanatosha. Mwaka 1973 huko Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya mtu wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja unusu iliyopita, ikiwa imeharibika ajabu. Baadhi ya wanasayansi walieleza kwamba alikufa kwa wingi wa vitamini A baada ya kula maini ya mnyama mla nyama. Wengine hawakukubali, lakini kisa hicho kinafaa kukumbukwa na anayedhani kitu kizuri hakina kipimo.

Wasiokula nyama kabisa

Mtu anaweza kuishi maisha marefu yenye afya bila nyama, na Wahindi wengi wa hapa nchini wamefanya hivyo vizazi kwa vizazi wakitegemea dengu, maziwa na mboga. Anayekunywa maziwa na kula mayai hana hofu kubwa. Anayeacha vyote vitokavyo kwa wanyama hana budi kutumia vidonge vya vitamini B12 au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji wa unga wa mahindi na ngano wanaopakia katika mifuko kuongeza chuma, zinki na vitamini. Kwa hiyo tazama maandishi ya mfuko kabla ya kununua. Unga wa posho mili hauongezewi kitu.

Kutoka buchani hadi mezani

Nyama inayouzwa buchani inapaswa kuwa imekaguliwa na kupigwa mhuri. Usione haya kumwomba mwenye bucha akuonyeshe mhuri huo mahali ulipo kwenye paja au ubavu. Mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama nyama yake inauzwa nusu bei, wala usishiriki kumchuna ngozi. Ugonjwa wa kimeta huingia kupitia mikwaruzo ya mikono, na mwaka 2006 na 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 150 nchini, wengi wao wakiwa ni watu walioshika damu na nyama ya mifugo iliyougua.

Nyama ya ng'ombe isiyoiva humwachia mlaji minyoo ya tegu. Tegu wa nguruwe ni hatari zaidi, hasa katika sehemu za magharibi ya nchi ambako nguruwe huzururia penye vinyesi. Mwenye tegu huyo asiponawa mikono baada ya kwenda chooni huwapa wengine mayai yake kupitia chakula, na mayai hayo yakianguliwa huweza kufika hadi ubongoni na kuleta kifafa. Kwa sababu hiyo hata asiyekula nguruwe maishani mwake anaweza kupatwa. Kwa nyama ya aina yoyote, ikate kipande kinene katikati. Ikiwa maji yanayotoka bado ni mekundu, irudishe motoni. Hali kadhalika mutura, ambayo kwa wale ambao dini yao haiwakatazi damu ina chuma kingi mno, inunuliwe ikiwa imeiva hadi ndani na kukatwa kwa kisu na ubao uliooshwa.

Mwezi wa Julai 2019 televisheni moja nchini ilifichua jinsi dawa ya sodiamu metabisalfaiti ilivyokuwa ikipakwa nyama mbichi madukani ili ionekane mpya. Dawa hiyo huweza kumletea mwenye pumu shambulio la ghafla. Nyama ya kawaida hubadilika rangi na kuwa ya kahawia inapokaa. Ile inayobaki nyekundu inayong'aa siku baada ya siku, isiyo na harufu wala inzi, iache hapo hapo ilipo.

Kama huna friji, nunua kiasi cha kupikwa siku hiyo. Iliyobaki baada ya chakula cha jioni ichemshwe tena hadi itokote, ifunikwe, na asubuhi ichemshwe tena kabla ya kuliwa. Mtoto mdogo asipewe iliyolala namna hiyo. Sehemu yake ndiyo ya kutolewa kwanza, sufuria inapoteremshwa motoni.